Vyeo vya Mjerumani na Utepe wa Shaushi Feruzi

Mwanangu Rehema,

Salamu tulishamalizana asubuhi kwenye simu, na afya yangu umeisikia kwa sauti, kwa hiyo nisikupotezee muda. Ni Ijumaa, saa nane mchana. Oma amekula, amelala, mlango wake nimeuacha wazi kidogo nimsikie akiita. Nimekaa jikoni na karatasi. Nikimaliza nitazipiga picha moja moja nikutumie. Usizisome huku unafunga begi. Kaa chini kwanza.

Kesho unatoka kwa Bibi yako unakwenda kusomea uofisa. Habari za sabuni na soksi sizigusi. Bibi yako ameshazisema mpaka majirani wamezikariri, na habari ya kuamka mapema, kule mtaamshwa mtake msitake. Mimi nina jambo langu jingine, nalo ni la ile siku uliyonipigia kuniambia umechaguliwa.

Ulipiga kelele hadi nikaiweka simu mbali na sikio. "Mama! Nimepita! Ofisa mwanafunzi mimi!" Nami nikawa kimya. Ukaita haloo, haloo, ukasema, "Huu mtandao wa Doha nao," ukakata. Ulipopiga tena nikakupa hongera kwa sauti ya mtu aliyeamka na homa. Bibi yako aliniambia baadaye kwamba uliingia chumbani ukalia, ukasema Mama hataki niwe mwanajeshi.

Mtandao ulikuwa mzima, Rehema. Mkono mmoja nilishika simu, mkono wa pili nilishika daftari la Mjerumani, na ndani ya lile daftari nilikuwa nimetoka kusoma jinsi ofisa anavyopanda cheo. Ndiyo maana sauti haikutoka. Leo nakueleza yote, kwa sababu sitaki uvae gwanda huku una mashaka na radhi yangu.

Oma maana yake ni bibi kwa Kijerumani, na kila mtu humu ndani anamwita hivyo, hata mlinzi wa chini. Ni mama yake Mista Martin, injinia wa majengo kule Lusail, ambaye ndiye aliyeniajiri nimtunze mama yake. Tunakaa ghorofa ya kumi na tisa hapa West Bay. Oma amevuka miaka themanini na tano. Miguu imegoma, mdomo haujagoma. Siku ya kwanza aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Pangani, karibu na Tanga. Akapiga makofi. "Tanga! Baba yangu! Upesi, upesi! Lete maji! Pole pole!" Nikakimbia kumletea maji. Kumbe hakuwa na kiu, yale ndiyo maneno yote ya Kiswahili aliyoachiwa na baba yake.

Huyo baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la Kijerumani maisha yake yote. Alishuka Tanga akiwa luteni, masharubu hayajakolea. Vita vya kwanza vya dunia vikamkuta huku kwetu. Akatembea na askari wetu na wapagazi miaka minne, toka kaskazini mpaka ng'ambo ya Ruvuma, viatu vikaisha wakavaa ngozi za wanyama, na walipoweka silaha chini, kumbe huko kwao vita vimeshakwisha wiki mbili nyuma. Akarudi Ujerumani kapteni. Jeshi lao likapunguzwa, wenzake wakaenda kuuza madukani, yeye akabaki, akawa meja. Akaoa ukubwani, akamzaa Oma. Vita vya pili vikaja. Akapelekwa Urusi kwenye theluji, akawa luteni kanali, kisha kanali. Akashikwa mateka, akarudi amebaki mifupa, akafuga nyuki mpaka alipokufa. Picha yake iko sebuleni, kifua kimejaa nishani. Oma akiitazama hunyoosha mgongo hata akiwa amekaa.

Pamoja na picha aliacha daftari la ngozi, ukubwa wake kama juzuu amma. Ukilifungua kwa mbele ni Kijerumani: mvua imenyesha, tumetembea, farasi amekufa. Ukilifungua kwa nyuma, kutoka kulia kwenda kushoto, ni herufi za Kiarabu. Miaka yote hiyo hakuna mtu wa ukoo wao aliyejua kule nyuma kumeandikwa nini. Mista Martin alipokuja kazini Doha akampa Msudani mmoja wa ofisini amsomee. Yule bwana akasoma kama kasuku, sauti zinatoka, maana haijui. Akamwambia, "Ndugu yangu, hiki si Kiarabu. Ninachoelewa mimi ni hili neno tu, limerudiwa kila mahali: khamsa, ishrin. Tano, ishirini. Ishirini na tano."

Basi wakakaa na hilo. Majina ya watu, na mbele ya kila jina ishirini na tano. Wakaamua ni umri.

Sasa wewe unajua Bibi yako alivyonilea. Shule nilimaliza darasa la saba, lakini yeye alinifundisha kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama mama yake alivyomfundisha, na akanichapa nilipokosea. Siku moja Oma aliniona naandika orodha ya vitu vya sokoni kwa herufi zile, maana mkono ukichoka huwa narudi huko. Akapiga ukelele kama amekanyagwa. Jioni ile Mista Martin akaliweka daftari mezani mbele yangu, akafuta na meza kwanza. "Mwanaidi, unaweza kusoma hii?"

Nikaweza. Ni Kiswahili, mwanangu, tena Kiswahili kibovu, kile cha mimi hapana jua, na herufi nadhani alifundishwa na makarani wa pwani. Nilitaka kucheka. Ukurasa wa kwanza kabisa: Mabruki hamsa ishirini. Songoro hamsa ishirini. Muke ya Songoro hamsa ishirini.

Kicheko kikakauka. Wewe umeshaelewa, sihitaji kukufasiria. Ni mara ngapi Bibi yako amekushikia ufagio akasema, "Leo nakupa hamsa ishirini usahau jina lako"? Sisi tunasema kwa utani, na mama zetu walisema kwa utani, lakini haukuanza kama utani. Ni vile viboko ishirini na tano vya enzi za Mjerumani, mtu analazwa kifudifudi mbele ya wenzake.

Nilipowaambia muke ni mke, Mista Martin akaniinamia, uso umejaa furaha. "Ni umri wao, siyo? Wote miaka ishirini na tano! Mume na mke!" Na Oma, machozi yanamlengalenga: "Baba aliwapenda sana watu wake. Aliandika mpaka umri wao. Siyo, Mwanaidi?"

Nikasema, "Ndiyo, madam."

Neno lilitoka lenyewe, kabla sijalifikiria. Hapo ndipo pabaya pangu, Rehema, nataka upajue mama yako anapoangukia. Hakuna aliyenishika shati. Hakuna aliyenitishia. Waliniuliza swali ambalo jibu lilikuwa tayari ndani yake, nami nikalichukua nikalirudisha kama mtu anayerudisha chenji.

Na haikuwa mara ya kwanza. Kabla ya hapa nilifanya kazi Abu Hamour, kwenye nyumba ya watu wengi, na mwenzangu alikuwa Achieng wa Kisumu, ambaye sauti yake umewahi kuisikia kwenye simu. Tulilala chumba kimoja, tukagawana chapati na umbea. Siku moja mtoto mchanga wa ile nyumba alianguka kochini. Mimi nilikuwa mlangoni, niliona kwa macho yangu: alikuwa amepakatwa na dada wa madam, na dada alikuwa na simu. Achieng alikuwa jikoni anamenya vitunguu. Madam akaja mbio, akaniangalia mimi. "Achieng ndiye alikuwa naye, sivyo?"

"Aiwa, madam." Ndiyo hiyo hiyo, kwa Kiarabu.

Wiki haikuisha Achieng akarudishwa kwao. Alinipigia akiwa uwanja wa ndege. Hakutukana, heri angetukana. Alisema, "Mwanaidi, mimi ningeelewa kama walikutisha. Lakini wewe hata hukutishwa. Umeniuza bure tu, hata bei hukuulizia?" Akakata. Nilikwenda kwa madam siku ya tatu baada ya simu hiyo nikasema ukweli, akaniambia yameshapita, kaendelee na kazi. Ukweli wa siku ya tatu ulikuwa umeshapoa. Mkataba ulipoisha nikaondoka kule, nikasema sitarudia. Halafu nikarudia, sebuleni kwa watu wema, mbele ya bibi kizee anayelia kwa furaha.

Na wewe pia nimekuwa nikikupa ndiyo za namna hiyo. "Mama, Idi hii utakuja?" Ndiyo. "Mwaka huu utakuja?" Ndiyo. Ulikuwa na miaka tisa nilipokuacha kwa Bibi yako, na kila ulipouliza nilisikia unalotaka kusikia nikakupa hilo hilo. Mwishowe uliacha kuuliza. Nilijua ulipoacha. Sikukuambia kwamba nilijua.

Turudi kwenye daftari. Ikawa kila alasiri Oma ananiambia, "Upesi, upesi, baba!" Yaani nimsomee na kumfasiria kwa Kiingereza changu. Nami nikawa nachagua. Penye tembo nilisoma. Penye mto uliofurika nilisoma. Mjerumani alipoumwa homa akanyweshwa uji na wanawake wa kijiji nilisoma mara mbili. Penye hamsa ishirini nilipita, na palikuwa pengi. Usiku nilikuwa nalala vizuri tu, nakwambia ukweli. Uongo mtamu haunyimi mtu usingizi. Kilichoninyima raha ni kwamba kadiri nilivyokwenda mbele, Mjerumani mwenyewe alianza kusema.

Unajua, alipoondoka Afrika hakuacha kuandika kwa nyuma. Miaka imepita, yuko kwao, ni meja, ni kanali, na bado anafungua upande wa kulia na kuandika kwa Kiswahili chake cha kambini. Nadhani ni kwa sababu hapakuwa na mtu pale wa kukisoma. Mke wake asingeweza, wakubwa wake wasingeweza. Na kila alipopandishwa cheo aliandika mstari. Ninakunakilia kama ulivyo, usicheke:

"Kule mtoni bwana mkubwa uliza, wapagazi wagonjwa, sisi acha hapa? Mimi sema ndiyo. Mimi pata cheo ya kapteni."

Halafu kurasa tupu. Halafu:

"Leo rafiki yangu wa zamani nafukuzwa jeshini sababu ya dini ya mama yake. Mkubwa uliza, wewe kubali? Mimi sema ndiyo. Mimi pata cheo."

Na baadaye, nadhani ni kule kwenye theluji:

"Vijiji tatu nachomwa. Watu ndani. Jenerali uliza, Kanali, iko tayari? Mimi sema ndiyo."

Nimesimama hapo hapo, kidole kiko juu ya hilo neno ndiyo, simu ikalia, na ulikuwa wewe. "Mama! Nimepita!"

Sasa unaelewa? Sikumwona mwanajeshi nikaogopa bunduki. Niliona binti yangu, ambaye damu yake ni yangu, na kinywa chake huenda ni changu, anakwenda mahali ambako mtu hulipwa cheo kwa kile kile ambacho mimi nilikitoa bure.

Baada ya siku chache Mista Martin akaja na habari. Oma anatimiza mwaka mwingine, ukoo mzima unaruka kuja Doha kula naye sikukuu, na yeye ametengeneza kitabu kidogo cha maisha ya babu yake awape. Akanionyesha kwenye kompyuta. Picha, nishani, ramani. Na kichwa cha sura ya Tanga, kwa herufi kubwa: Watu Wake wa Miaka Ishirini na Tano. Alhamisi kinakwenda kwa mpiga chapa. "Asante kwako, Mwanaidi," akasema. Kwangu mimi!

Nilitoka nje ya jengo nikampigia Achieng. Miaka ilikuwa imepita. Tulikuwa tumeanza kusalimiana tena kidogo kidogo, kwa uangalifu. Nikamweleza yote, mpaka Alhamisi. Akacheka, kicheko chake kile kibaya.

"Kwani wewe huwa unangojanga nini? Ndege ipae kwanza ndio ukumbuke uko na mdomo?"

"Achieng, wataniachisha kazi. Rehema ndiyo kwanza anaanza maisha."

"Usinitajie Rehema. Juzi hujamfurahia huyo msichana kwa simu juu ya hii hii maneno, si ndio umeniambia? Ebu sikiza. Huyo nyanya ana miaka themanini na kitu, hawezi kukukimbiza. Ingia uongee."

"Nikikosa maneno?"

"Utakosa vile wewe huongeanga hivyo? Mwanaidi, mimi ulinimaliza kwa neno moja tu. Sasa tafuta lingine." Halafu akasema polepole, "Na ukishamaliza unipigie, nisikie vile alisema."

Nikapanda lifti. Oma alikuwa dirishani, anaangalia bahari kati ya maghorofa. Sikungoja aniite. Nikapiga magoti karibu na kiti, nikafungua daftari ukurasa wa kwanza, nikamwambia nilimdanganya. Nikamwambia hamsa ishirini si umri. Nikamwonyesha kwa mkono, maana Kiingereza changu kiliishia njiani: nikaunyanyua, nikaushusha, nikahesabu mpaka tano, nikasema, mpaka ishirini na tano. Nikamwambia hata mke wa Songoro alipigwa hivyo.

Akalifunga daftari. Kisha akasema, "Toka."

Siku mbili hakunisemesha. Alikula kwa mkono wa Martin. Naye Martin alinijia jikoni uso umemwiva. "Ungeniambia siku ile ile! Kwa nini hukuniambia? Nilikuuliza!"

Hapo, mwanangu, sijui ujasiri ulitoka wapi. Nikamwambia, "Hukuniuliza, bwana. Uliniambia, halafu ukaweka alama ya kuuliza."

Akavuta kiti akakaa. Mhandisi mzima anayesimamia watu mia, kakaa kwenye kiti cha jikoni kama mtu aliyeishiwa petroli. Akaniuliza, "Nafanya hivyo hata kazini?" Nikamwambia, mimi sijui, nenda kawaulize, lakini uliza vizuri.

Nataka ulishike hilo Rehema kuliko yote, kwa kuwa mimi nimeishi upande wa chini wa maswali na wewe unakwenda kuishi upande wa juu. Mtu wa chini husikia jibu unalolitaka kabla hujamaliza kuuliza. Anaona nyusi zako. Ukimwambia kuruta, "Barabara iko salama, siyo?" atakwambia ndiyo afande, na mtakufa wote. Muulize, "Umeona nini huko?" halafu unyamaze. Unyamaze kweli. Kunyamaza kwa mkubwa ni kazi ngumu, nimewaona wakubwa wengi, wachache mno wanaiweza.

Siku ya tatu nikasikia, "Mwanaidi! Upesi!" Nilikuwa nimeshakunja nguo zangu. Nikaingia. Oma alikuwa na daftari mapajani. Akaniambia, "Huyu mtu ameishi na mimi miaka yote hii na sijawahi kukutana naye. Soma. Usiruke."

Nikasoma. Siku nne, bila kuruka. Mengine alinizuia kwa mkono, akapumua, akasema endelea. Na katikati ya kurasa za vita vya kwanza tukafika kwenye ukurasa ambao hata mimi nilikuwa sijauona, maana ulikuwa umegandana na mwenzake. Ulikuwa wa mtu mmoja. Shaushi Feruzi. Shaushi ndiye sajini wa siku hizi.

"Mimi sema: piga mwanamuke hii hamsa ishirini. Shaushi Feruzi sema: Bwana, yeye iko na mimba. Mukono yangu hapana kwenda. Mimi sema: wewe jua mimi nani? Feruzi sema: Jua, bwana. Mukono ndiyo hapana jua. Mimi toa utepe yake mbele ya kombania yote. Yeye beba mzigo kama pagazi. Yeye hapana lia. Ile mwanamuke hapana pigwa, sababu hapana mtu nyanyua kiboko tena."

Na ukurasa wa mwisho kabisa, mwandiko umetetemeka, wakati ule wa nyuki:

"Mimi mzee. Vyeo tano iko ndani ya sanduku. Feruzi alikuwa na cheo moja, mimi toa. Yeye iko afande. Mimi hapana."

Oma alilia, nami nililia, na hatukuwa tunalia kwa huzuni tu. Hebu fikiria: mtu wa kwetu, hana cheo, hana kaburi linalojulikana, alisema neno moja mbele ya kombania, na yule aliyemvua utepe hakuweza kulitoa kichwani katika vita viwili na nchi tatu. Makanali na majenerali wote waliompa nishani hakuwaandika majina kwa nyuma. Alimwandika Feruzi.

Sikukuandikia ili nikwambie ukakatae amri. Kataa amri wiki ya kwanza uone kama hawajakurudisha, na Bibi yako aje anichinje huku huku. Sehemu kubwa ya kazi yako itakuwa ndiyo, na ndiyo nyingi ni njema: ndiyo nitaamka, ndiyo nitabeba, ndiyo nitamngoja mwenzangu. Feruzi naye alisema ndiyo nyingi mpaka akaupata ule utepe, na sijui ngapi kati ya hizo alizijutia. Daftari halisemi, na mimi sitaki kumfanya malaika. Ninachokuomba ni kidogo. Ndiyo yako ipitie moyoni kwanza kabla ya kutoka mdomoni. Hata sekunde moja. Mimi ile sekunde ndiyo niliyoikosa Abu Hamour.

Basi wageni wakaja. Watu kumi na wanne, sebule ikajaa, keki kubwa kama tairi. Baada ya kula Oma akagonga glasi na kijiko, akanionyesha kiti cha katikati, kile chini ya picha. Mimi na kilemba changu na mikono inanuka sabuni ya vyombo. Mzee mmoja wa suti, binamu yao, akaguna kitu kwa Kijerumani. Martin akaniambia baadaye alisema, "Mtumishi ndiye atatufundisha sisi babu yetu?" Na Oma, bila hata kumgeukia: "Nyamaza, Dieter, na utoe kiwiko kwenye keki."

Nikasoma. Kiswahili kwanza, kwa sauti, wasikie mlio wa maneno ya mtu wao. Halafu Martin akafasiri. Majina ya waliopigwa niliyasoma yote, moja moja. Nilipofika kwa Feruzi sauti ikapanda yenyewe, nikajikuta nimesimama. Watu hawakugusa vikombe. Nilipomaliza, yule Dieter ndiye wa kwanza kunyanyua mkono, kama mwanafunzi, akaomba nisome tena kile kipande cha mkono hapana jua. Nikakisoma tena. Akajaribu kukisema mwenyewe, ulimi ukamshinda, watu wakacheka, akajaribu tena mpaka akapata. Nilimpigia Achieng usiku huo huo akapiga vigelegele hadi mume wake akaamka.

Kitabu kilichelewa kwa mpiga chapa, na kilipotoka kile kichwa cha habari hakimo. Sura ya Tanga inaitwa Shaushi Feruzi. Chini yake yako majina yote, na mbele ya kila jina yameandikwa mambo yaliyompata, bila kupakwa rangi. Na ukurasa wa mbele, kabla ya picha ya kanali, kuna mstari mmoja Martin alikuja kuniuliza jinsi ya kuuandika. Nikamwambia uandike na jina la baba yangu: "Kimesomwa na kufasiriwa na Mwanaidi binti Salehe wa Pangani." Nimeugusa huo mstari kwa kidole mpaka naogopa wino utafutika. Jina langu lilikuwa kwenye pasipoti na kwenye mkataba, mahali ambapo watu huniangalia kama ni mimi kweli. Sasa liko mahali ambapo ni mimi niliyewaangalia wao. Nakala moja iko njiani kuja kwa Bibi yako. Ataishika juu chini, mwache.

Oma ameamka, namsikia anakohoa, nimalizie. Jana aliniuliza binti yangu anakwenda kuwa nani. Nikamwambia ofisa. Akaitazama picha ya baba yake, kisha akauliza jina lako nani. Nikamwambia Rehema, na maana yake. Akalirudia mara tatu mpaka likamkaa.

Mwanangu, siku ile ulinipa habari njema kuliko zote nilizowahi kupewa nikiwa huku, nami nikakupa kimya. Na wewe hukuniomba ruhusa, kwa hiyo hili nalolitoa leo hakuna aliyeniwekea mdomoni. Nimekaa nalo wiki nyingi. Nimelipitisha moyoni, likageuka huku na huku, likatoka zima. Nalisema kwa sauti hapa jikoni ninapoandika, peke yangu, na kama majirani wa ghorofa ya kumi na nane wamesikia, wasikie:

Ndiyo, Rehema. Ndiyo. Nenda.

Mama yako,
Mwanaidi